Mwalimu Ukingoni mwa Maji: Malezi ya Mwogeleaji na Historia ya Nyanda za Juu za Kusini

Neno kuogelea ni mtoto wa neno kuoga. Mwenye kuoga ataka kutakata. Mwenye kuogelea ataka kwenda. Lugha imeongeza silabi chache tu katika shina la kale, na kwa silabi hizo mtu aliyekuwa amesimama majini akijimwagia maji amepata kuondoka ukingo mmoja na kuufikia wa pili. Lakini kuogelea kwa mashindano hakukupata neno lake lenyewe. Kunatajwa kwa maneno yaliyoungwa, kama vitajwavyo vitu vilivyotoka mbali, wala si bure. Kuoga mtoto hufundishwa na mama yake. Kuogelea aghalabu hufundishwa na wenzake. Bali hapana aliyepata kuwa mwogeleaji wa mashindano pasipo mtu mwingine kusimama ukingoni, akamtazama, akamhesabia wakati, kisha akazungumza naye. Mtu huyo ndiye mwalimu, au kocha kama aitwavyo siku hizi, na historia ya mchezo huu ni historia yake kuliko ilivyo historia ya maji.

Jambo hilo ladhihirika vizuri katika Nyanda za Juu za Kusini za Tanzania. Mji wa Mbeya upo kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Iringa kiasi cha mita 1,600. Nchi iliyo kati ya miji hiyo na pande zake haikunyimwa maji. Ruaha Mdogo hupita chini ya kilima cha Iringa. Ruaha Mkuu hukusanya mito ya Usangu kabla ya kushika njia ya Mtera. Kiwira, Mbaka na Lufilyo hushuka kutoka milima ya Rungwe na kumwagika katika Ziwa Nyasa, ambalo urefu wake wapata kilomita 580 na kina chake chapita mita 700. Juu katika milima ya Poroto limo ziwa Ngosi, lililojaa katika kinywa cha volkano ya kale. Hata hivyo, panapotajwa uogeleaji wa mashindano wa Tanzania hutajwa Dar es Salaam, Arusha, Moshi, Mwanza na Unguja. Mbeya na Iringa hutajwa kwa nadra. Sababu zinazotolewa ni tatu: baridi, mamba, na ile iliyo mbaya kuliko zote, kwamba mwili wa Mwafrika haukuumbwa kwa maji.

Baridi ni kweli. Usiku wa Juni na Julai humfanya mkazi wa Mbeya atafute blanketi la pili. Mamba na viboko wa Ruaha ni kweli, na kichocho cha maji yaliyotuama ni kweli. Lakini baridi ya Uingereza haikuwazuia watu wake kuunda vyama vya kuogelea katika karne ya 19, na mamba wa Australia hawakuizuia nchi ile kuwa miongoni mwa mabingwa wa dunia. Mambo hayo mawili ni matatizo ya kutafutiwa njia, hayatoshi kuwa hukumu. Sababu ya tatu yastahili kuchunguzwa zaidi, maana iliwahi kuvaa joho la elimu. Huko Marekani, mwaka 1969, ilichapishwa makala iliyotafuta katika maumbile na uzito wa mwili sababu ya Weusi kupata taabu ya kujifunza kuogelea, na hayo yalisemwa katika nchi ambayo kwa miaka mingi mabwawa ya miji mingi yalifungwa kwa watu hao, mara kwa sheria, mara kwa vitisho.

Historia ya mitindo ya kuogelea yajibu hoja hiyo yenyewe. Mwaka 1844 wenyeji wawili wa Amerika, watu wa kabila la Ojibwe, walishindana kuogelea mjini London. Walirusha mikono juu ya maji kwa zamu na kupiga miguu, na Waingereza waliotazama waliona kwamba mtindo ule haukuwa na adabu ya Kizungu, wakaendelea na mtindo wao wa chura. Mwaka 1873 John Trudgen aliwaonyesha watu wa mji uleule mtindo wa kurusha mikono aliojifunza kwa wenyeji wa Amerika ya Kusini. Mwanzoni mwa karne ya 20 kijana Alick Wickham wa Visiwa vya Solomon aliwashangaza watu wa Sydney kwa mwendo wa aina hiyo, na katika Olimpiki ya Stockholm ya 1912 Duke Kahanamoku wa Hawaii alitwaa medali ya dhahabu ya mita 100, akaitwaa tena Antwerp mwaka 1920. Kwa hiyo mwendo ambao leo ndio wa kasi kupita yote ulilelewa mitoni na visiwani, na watu ambao hawakuwa na bwawa hata moja. Kilichoongezwa na Ulaya, Marekani na Australia ni maji yaliyopimwa, saa, daftari, na mtu wa kuvisoma.

Aliye na shaka bado atazame habari za Anthony Nesty wa Suriname. Katika Olimpiki ya Seoul mwaka 1988 alimshinda Mmarekani Matt Biondi katika mita 100 za mtindo wa kipepeo kwa sehemu moja ya mia ya sekunde. Mwaka 2024, huko Paris, mtu yuleyule aliingoza timu ya wanaume ya Marekani akiwa kocha mkuu, Mweusi wa kwanza kupewa kazi hiyo. Mwili uliodhaniwa mzito haukumzuia kushinda, wala haukumzuia kufundisha. Lililomwezesha ni kuwapo kwa watu waliomfundisha miaka mingi, naye akayapokea kwao mambo ya kuwapa wengine.

Kazi ya watu wa namna hiyo ilibadilika sana baada ya Vita Kuu ya Pili. Huko Australia Forbes Carlile alianza kupima mapigo ya moyo ya waogeleaji wake na kupanga mazoezi kwa kufuata vipimo. Huko Marekani James Counsilman wa Chuo Kikuu cha Indiana aliwapiga waogeleaji picha chini ya maji ili aone mkono wafanya nini hasa pale ambapo jicho la ukingoni halifiki, na mwaka 1968 alitoa kitabu chake The Science of Swimming. Mark Spitz, aliyeshinda medali 7 za dhahabu Munich mwaka 1972, alipita mikononi mwake. Tangu hapo mazoezi yakawa hesabu: umbali hukatwa vipande, kila kipande hupewa muda wake, na baina ya vipande hupimwa pumziko, refu au fupi kwa kadiri ya nguvu inayotafutwa.

Lakini hesabu peke yake haikumfikisha mtu popote, na sababu yake imo katika maji yenyewe. Mwogeleaji hajioni. Hudhani mkono wake umeingia mbele ya bega, kumbe umevuka na kuingia mbele ya pua. Hudhani miguu yake iko juu, kumbe yaburuta kama nanga. Mwalimu huyaona hayo, lakini mwalimu naye hayahisi maji. Hajui kama maji yameshikwa na kiganja au yameteleza, wala kama pumzi imekwisha kwa uchovu au kwa hofu, ila ameambiwa. Basi mmoja aona asichohisi, na mwingine ahisi asichoona. Mafunzo huanza pale wawili hao wanapoambiana kweli. Mwanafunzi asiyeruhusiwa kusema humwacha mwalimu wake kipofu wa nusu ya kazi yake.

Ulimwengu umeona mwisho wa njia isiyo na mazungumzo. Katika Ujerumani ya Mashariki ya miaka ya 1970 na 1980, waogeleaji wasichana, wengine wangali watoto, walipewa dawa za homoni kwa mpango wa serikali. Wengi waliambiwa kwamba vile vidonge vya rangi ya buluu ni vitamini. Walishinda medali nyingi. Baada ya nchi ile kuungana na ya Magharibi, baadhi ya makocha na madaktari walishitakiwa na kuhukumiwa, na wanawake waliokuwa mabingwa walisimama mahakamani kueleza maradhi yao. Mwalimu ambaye haulizwi ana uwezo wa kuleta ushindi, lakini hapana ajuaye atalipwa na nani.

Yafaa sasa kurudi Nyanda za Juu za Kusini na kuuliza: je, malezi ya huko yalijua nini juu ya mazungumzo ya namna hii? Jibu la kwanza latoka Unyakyusa. Godfrey Wilson na mkewe Monica walikaa huko katika miaka ya 1930, na mwaka 1951 Monica Wilson alichapisha kitabu kiitwacho Good Company, kinachoeleza vijiji vya marika. Mvulana alipofika umri wa miaka 10 au 11 hivi aliondoka katika nyumba ya babaye, akaenda kujenga na wenzake kando ya kijiji. Walilala katika vibanda vyao wenyewe, lakini walikula kwa mama zao, wakienda kundi zima leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Kijiji hicho cha watoto hatimaye kilikuwa kijiji cha watu wazima, wenye wake na mashamba, na rika lile liliendelea kukaa pamoja.

Msingi wa maisha hayo uliitwa ukwangala. Maana yake ni furaha ya kukaa pamoja na wenzi: kula, kunywa, kusaidiana, na hasa kuzungumza kama watu walio sawa. Wilson aeleza kwamba Wanyakyusa waliyahesabu mazungumzo hayo kuwa njia kuu ya elimu. Akili haikutiwa kichwani mwa kijana na mkubwa wake tu. Iliiva katika baraza ya rika, ambapo neno la kipumbavu huchekwa, na neno zuri hukumbukwa. Mtu aweza kuona kwa urahisi jinsi desturi hiyo inavyofanana na ile ya watoto wa ukingo wa maji mahali popote, Matema au Bagamoyo, wanaofunzana kuelea na kupiga mbizi: aliyetangulia mwaka mmoja humshika mkono aliyechelewa, na mzaha wa wenzake ndio kipimo chake.

Hata hivyo si haki kuisifu desturi hiyo kwa upande mmoja. Kijiji cha rika kilikuwa cha wanaume. Msichana aliingia humo akiwa mke wa mtu, wala hakuwa na baraza ya namna ileile. Tena wenzi walio sawa huogopa kumpita mwenzao au kupitwa naye; Wilson mwenyewe aeleza nguvu ya maneno ya jirani, na hofu iliyompata mtu aliyejitenga na desturi za kijiji chake. Mashindano ni kinyume cha hofu hiyo, maana kazi yake ni kumtoa mmoja mbele ya wengine na kulisoma jina lake kwa sauti. Ukwangala ungeweza kumpa mwogeleaji ulimi wa kusema na mwalimu wake bila kuogopa. Mwalimu mwenyewe, mwenye saa na jicho la mbali, usingeweza kumpa.

Jibu la pili latoka Malangali, katika nchi ambayo leo ni wilaya ya Mufindi. Huko, mwaka 1928, serikali ya Tanganyika ilifungua shule ya Waafrika chini ya W. Bryant Mumford. Zilikuwa siku za Gavana Donald Cameron na siasa yake ya kutawala kwa kupitia wenyeji, na Mumford alitaka shule yake iote katika udongo wa Wahehe, Wabena na Wasangu. Wazee waliitwa kuwaeleza wanafunzi mila na habari za kale. Ngoma ziliingizwa katika ratiba, na kutupa mkuki kukawa sehemu ya mazoezi ya mwili. Mavazi ya wanafunzi yalifuata ya kwao. Katika nchi ambayo watu wake walimkumbuka Mkwawa, aliyewashinda Wajerumani Lugalo tarehe 17 Agosti 1891 na kufa tarehe 19 Julai 1898, mkuki haukuwa chombo cha mchezo tu.

Kwa mtu anayechunguza mafunzo ya michezo, Malangali ni mahali pa maana sana. Hapo swali liliulizwa waziwazi: je, mwili wa kijana ufunzwe kwa filimbi na safu za kijeshi, au kwa desturi ambazo baba zake walijifunzia ujasiri? Mumford alichagua la pili, na uchaguzi wake una hekima. Lakini waliotaka elimu walikuwa na shaka, na shaka yao ilikuwa na haki. Waliona kwamba mtoto wa Mzungu hapewi shule ya mikuki. Hupewa vitabu, mitihani na njia ya kupanda juu. Utamaduni ukichaguliwa na mtawala kwa ajili ya mtawaliwa, hata kama umechaguliwa kwa upendo, hufanana na ukuta. Wazee waliulizwa, lakini uamuzi ulikuwa wa Mumford na wa Idara ya Elimu. Alipokwisha kuondoka, jaribio lile lilififia, na Malangali ikafuata mwendo wa shule nyingine.

Jibu la tatu lilikuwa karibu, ila lilizungushiwa ua. Katika miaka ya 1940 palikuwa na shule ya bweni ya watoto wa Kizungu mjini Mbeya, na mwishoni mwa miaka ya 1950 Iringa ilipata shule ya sekondari ya Wazungu iliyoitwa St Michael's and St George's. Shule hizo zilifuata mfano wa shule za bweni za Uingereza: nyumba zinazoshindana, walimu wanaosimamia michezo alasiri, na imani kwamba tabia ya mtu hujengwa uwanjani sawa na darasani. Katika mfano huo wa Kiingereza kuogelea kulikuwa sehemu ya malezi, pamoja na kriketi na mbio. Elimu ya Tanganyika wakati ule iligawanywa kwa rangi: Wazungu kwao, Wahindi kwao, Waafrika kwao, na fedha kwa kila mtoto hazikulingana. Kwa hiyo desturi ya mwalimu wa michezo, mwenye saa na daftari, ilifika katika nyanda hizi, lakini ilifika kama mali ya watu wachache, na mtoto wa Kihehe au wa Kisafwa aliweza kuwa jirani yake miaka kumi pasipo kuigusa.

Hapo ndipo ulipo msiba wa historia hii. Vitu vitatu vinavyomfanya mwogeleaji wa mashindano vilikuwamo vyote katika nchi moja. Maji yalikuwa kwa watu wa ziwa na mito. Mazungumzo ya walio sawa yalikuwa katika marika. Mwalimu mwenye kipimo alikuwa katika shule za ua. Malangali walijaribu kuunganisha desturi na shule, wakashindwa kwa sababu mwenye desturi hakuwa mwenye shule. Vitu vitatu vilivyohitajiana vilikaa mbalimbali, na mtengano huo ukaja kuitwa maumbile.

Baada ya uhuru mlango ulifunguliwa kwa sheria. Tangu Januari 1962 mgawanyo wa elimu kwa rangi uliondolewa, na shule ya Wazungu ya Iringa ilifungwa, majengo yake yakawa shule ya sekondari ya Mkwawa, yaani yakapewa jina la mtu ambaye wazee wa Malangali walisimulia habari zake. Mwaka 1967 uliletwa mpango wa Elimu ya Kujitegemea, na mwaka uleule sheria iliunda Baraza la Michezo la Taifa. Mpira wa miguu, mpira wa pete na riadha vilienea hadi shule za vijijini. Kuogelea hakukuenea, na yampasa mwanahistoria kuwa mwadilifu katika kueleza kwa nini.

Bwawa dogo la mashindano, lenye urefu wa mita 25, upana wa mita 12 na nusu, na kina cha wastani cha mita moja na nusu, lameza maji lita 469,000 hivi. Kwa ndoo ya lita 20, hizo ni ndoo zaidi ya elfu 23. Mwaka 1971 serikali ilijiwekea shabaha ya kumfikishia kila mwanakijiji maji safi katika umbali usiozidi mita 400 ifikapo mwaka 1991, na shabaha hiyo haikutimia kwa wakati wake. Ni diwani gani angesimama mbele ya akina mama wenye ndoo vichwani na kuwaambia kwamba maji ya ndoo elfu 23 yatawekwa mahali ili watoto wayavuke kwenda na kurudi? Kulinyamazia jambo hilo kulikuwa busara. Kosa lilikuja baadaye, pale kunyamaza kulipogeuka kuwa imani kwamba pasipo bwawa hapana la kufundisha.

Matokeo yake ni kwamba uogeleaji wa mashindano ulikua penye mabwawa, nayo mengi ni ya shule za kulipia, vilabu na hoteli. Tanzania imepeleka waogeleaji Olimpiki: Magdalena Moshi alishiriki Beijing 2008, London 2012 na Rio de Janeiro 2016; Hilal Hilal alikuwa naye Rio; Collins Saliboko na Sophia Latiff waliogelea Paris mwaka 2024. Hao wameonyesha lililo muhimu, kwamba Mtanzania akipewa mwalimu na muda husimama kwenye jukwaa la kuanzia pamoja na dunia. Lakini ua uliokuwa wa rangi umerithiwa na ua wa ada, na mtoto wa Kyela, aliyezaliwa kando ya ziwa, bado ajifunza maji kwa bahati.

Bahati hiyo ina bei. Tarehe 30 Julai 1946 meli iitwayo Vipya ilizama katika upande wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, na watu 145 wakafa. Yamkini kuogelea kusingewaokoa wengi wao katika dhoruba ile. Lakini watu hawazami katika meli kubwa tu. Huzama wakivuka mto kwenda shule, wakitega nyavu, wakiteka maji. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba watu wapatao 300,000 walikufa maji ulimwenguni katika mwaka 2021 peke yake, na wengi walikuwa wa nchi zenye kipato kidogo na cha kati. Mwaka huohuo Umoja wa Mataifa ulipitisha azimio lake la kwanza juu ya kuzuia vifo hivyo, na kuiweka tarehe 25 Julai kuwa siku ya kuvikumbuka. Wahenga walisema maji usiyoyafika hujui wingi wake. Waliofikwa na wingi wake kabla ya kufundishwa hawakurudi kutoa habari.

Unguja yatoa mfano wa namna ya kuanza. Huko Nungwi, tangu mwaka 2011, mradi wa Panje umekuwa ukiwafundisha watoto kuelea, kuogelea na kuokoa, na wasichana wamo, wakivaa mavazi ya kuwasitiri mwili mzima ndani ya maji. Jambo kubwa la mradi ule halimo katika vazi, ingawa picha za vazi ndizo zilizotembea dunia. Limo katika hili: wanawake wa pale walifunzwa kuwa walimu. Mama aliyekataa binti yake kuingia majini na mgeni aliweza kuzungumza na mwalimu aliye jirani yake, akamwuliza, akajibiwa kwa lugha yake na kwa heshima yake. Yale ambayo ukwangala uliwanyima wasichana, na ambayo Malangali haikuyapata kwa sababu ya mkono wa mtawala, yalipatikana katika maji ya kifuani, pasipo bwawa.

Nyanda za Juu za Kusini zina nafasi ya kufanya hivyo kwa njia yake. Ziwa Nyasa si maji ya kuogopwa tu. Mwaka 1992 Lewis Pugh na Otto Thaning walilivuka kwa kuogelea, na mwaka 2019 Martin Hobbs wa Afrika Kusini aliliogelea kwa urefu wake katika siku 54. Tangu Beijing 2008 mashindano ya kilomita 10 katika maji ya wazi yamo katika Olimpiki, na Mwafrika, Oussama Mellouli wa Tunisia, alishinda mashindano hayo London mwaka 2012. Ufuko wa Matema ulio chini ya milima ya Livingstone, ambako wanawake wa Kikisi hufikisha vyungu vyao sokoni kwa mitumbwi, hauhitaji saruji. Wahitaji mahali palipochunguzwa mamba na kichocho, kamba iliyopimwa, mtumbwi wa mlinzi, saa, na mtu anayejua kuitumia. Hata mwinuko wa Mbeya na Iringa, unaohesabiwa kuwa kizuizi kwa sababu ya baridi, ni kitu ambacho timu za mataifa tajiri husafiri mbali kukitafuta ili kuikomaza damu, ingawa wataalamu bado wanabishana juu ya kiasi cha faida yake.

Mtu huyo wa kamba na saa atatoka wapi? Majengo yale ya Iringa, yaliyokuwa shule ya Wazungu kisha shule ya Mkwawa, tangu mwaka 2005 ni Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa. Walimu wanatoka hapo kila mwaka kwenda wilaya zote, pamoja na zile za ziwa na mito. Ikiwa baadhi yao watajifunza kazi ya ukingoni, yaani kutazama, kupima, na zaidi ya yote kuuliza na kusikiliza, basi vile vitu vitatu vilivyotengwa vitakuwa vimekutana mahali palepale vilipotengwa. Medali huenda ikaja au isije. Lakini mtoto atakayeingia majini atajua kwamba yuko mtu anayemtazama, na kwamba akitoka ataulizwa maji yalikuwaje.